Muuguzi anayelenga nusu kaputi aanzie ICU ipi?

Mama mjamzito anayevuja damu akifikishwa kwenye chumba cha upasuaji usiku, daktari hushughulika na mtoto na mfuko wa uzazi. Anayekaa kichwani pa mgonjwa akilinda pumzi na presha yake ni mtaalamu wa nusu kaputi. Katika hospitali nyingi za mashinani huyo ni afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea kazi hiyo, na mara nyingi hana mkubwa wa kumuuliza karibu. Hospitali ya AIC Kijabe ni miongoni mwa zinazowafunza wauguzi fani hii.

Wauguzi vijana wanaoilenga hukimbilia chumba cha upasuaji. Huko watajifunza usafi na vifaa, lakini kipimo cha dawa huamuliwa na mwingine. Wodi ya wagonjwa mahututi, yaani ICU, ndiyo inayomkalisha muuguzi na mgonjwa mmoja kwa saa nyingi mfululizo. Mashine ya kupumulia ikipiga kelele, ni lazima ajue upesi kama mpira umejikunja, makohozi yameziba au pafu limesinyaa. Presha ikishuka, hupandisha noradrenalini kidogo kidogo huku akitazama jibu la mwili. Dawa za kumlaza mgonjwa, propofoli ikiwemo, hushusha presha. Sindano ya mgongo nayo hushusha. Aliyezoea kuipandisha kitandani hatashtuka mezani.

Ila ICU hazilingani, na jina kubwa la hospitali lisimdanganye mtu. Zipo zenye mashine zilizofunikwa shuka. Kabla ya kuomba uhamisho, muuguzi aulize: mwezi uliopita ni wagonjwa wangapi waliwekwa kwenye mashine ya kupumulia? Dawa za presha hurekebishwa na muuguzi au husubiri daktari? Nani humfunza mgeni? Vitanda sita vyenye kazi ni bora kuliko ishirini vya wagonjwa wanaongoja kuhamishwa. Wodi ya watoto wachanga ni shule nzuri pia, ingawa mwili wa mtoto una hesabu zake. Wa kuchagua moja aanze na watu wazima.

Marekani, ambako baadhi ya wauguzi wa Kenya huenda, vyuo vya fani hii hudai angalau mwaka mmoja kamili wa kuhudumia wagonjwa mahututi, na tangu 2022 wanaoanza huingia masomo ya udaktari wa fani. Mwaka huo ni kiwango cha chini tu. Kwa wengi mwaka wa kwanza hupita katika kuzoea kutoogopa, na wa pili ndio wa kuanza kuona tatizo kabla halijafika.

Masharti ya kujiunga hapa nchini yaulizwe chuoni na kwa Baraza la Wauguzi la Kenya kabla ya kuhama. Maombi ya uhamisho hupitia kwa msimamizi wa wauguzi wa hospitali. Muuguzi pia aweke daftari la aliyoyafanya kila zamu, bila majina ya wagonjwa, kwa kuwa kwenye mahojiano ataulizwa mifano.