Jinsi ya Kutengeneza Mtumbwi Mdogo wa Plaiwudi

Katika mashamba mengi ya skimu zilizogawanywa tangu mwaka 1962 kuna mabwawa. Mengine yana samaki, mengine yamejaa magugu. Mkulima akitaka kutega wavu au kuondoa magugu, pengine huelea juu ya mapipa yaliyofungwa kwa kamba. Hiyo ni hatari. Kamba ikilegea katikati ya bwawa, hata mtu ajuaye kuogelea aweza kunaswa na wavu akafa maji.

Mtu ajuaye kushika msumeno na randa aweza kutengeneza mtumbwi nyumbani. Lakini shika sana neno hili: adui wa plaiwudi ni maji yanayopenya kwenye kingo zilizokatwa. Ukiziziba vizuri, mtumbwi utadumu. Ukizembea, utaoza ndani kabla hujaona dalili nje.

KUCHAGUA MBAO

Yahitajiwa plaiwudi mbili za futi 8 kwa futi 4, unene milimita 6, zilizogandishwa kwa gundi isiyoachia majini. Plaiwudi ya dari haifai. Kabla ya kununua, omba kipande kidogo, ukichemshe kwa muda wa saa tatu au zaidi, kisha ukikaushe. Tabaka zikiachana, usinunue.

Tafuta pia fito nyofu za inchi 1 kwa 1 zisizo na vifundo, skurubu za shaba, gundi ya epoksi (ile ya makopo mawili yanayochanganywa), utepe wa faibaglasi na rangi ya mafuta.

KUKATA NA KUUNGA

1. Pasua plaiwudi ya kwanza kwa urefu, upate vipande vinne vya upana wa inchi 12. Hivi ni vya mbavu. Ya pili ipasue vipande viwili vya inchi 24, vya kitako.

2. Kila ubavu uwe na kipande cha futi 8 na cha futi 6, jumla futi 14. Viunge ncha kwa ncha, na upande wa ndani gandisha kiraka cha plaiwudi chenye upana wa inchi 8 juu ya kiungo. Kitako kiunge vivyo hivyo, lakini kigeuze ili kiungo chake kisikae chini ya viungo vya mbavu. Vikikaa mahali pamoja, mtumbwi utavunjika hapo. Viraka viwe vifupi, visiguse fito utakazotia baadaye.

3. Kata ncha za mbavu kwa mshazari, ukingo wa chini uwe mfupi kuliko wa juu kwa inchi 6 kila ncha. Kaza fito kwenye ukingo wa chini, upande wa ndani, kwa gundi na skurubu.

4. Tengeneza fremu ya katikati, upana wa chini inchi 22, wa juu inchi 28. Simamisha mbavu kandokando yake, uzikaze. Vuta ncha kwa kamba polepole mpaka zikutane, uzifunge kwenye kigogo cha pembe tatu. Nyosha uzi toka ncha hata ncha: usipopita katikati ya fremu, mtumbwi umepinda. Urekebishe sasa.

5. Ulaze kifudifudi. Piga randa fito mpaka kitako kilale barabara. Weka kitako juu, kichore, ukikate kikizidi kidogo, kisha kikaze kwa gundi na skurubu kila inchi 3. Gundi ikikauka, ondoa kilichozidi kwa randa. Mwisho tia fito nyingine kwenye kingo za juu, upande wa nje.

KUZIBA

Mbao ziwe kavu kabisa. Vaa glavu, fanya kazi penye hewa, na changanya gundi kidogo kidogo, maana kwenye joto hukauka upesi. Bandika utepe wa faibaglasi nje ya kila kiungo, ukiulowesha kwa epoksi. Kingo zote zilizokatwa zipake mara tatu. Kisha piga msasa, upake rangi ya mafuta ndani na nje, kwa sababu jua huharibu epoksi isiyofunikwa.

KUJARIBU

Usiupande kwanza. Uweke majini ukiwa umefungwa kwa kamba, utie magunia ya mchanga yenye uzito wa watu na mzigo wako, uuache kutwa. Maji yakiingia, weka alama, ukaushe, uzibe tena.

Funga dumu tupu la lita 20, lenye kifuniko kizima, katika kila ncha. Kila dumu laweza kubeba karibu kilo 20 ndani ya maji, nawe utapata pa kushika mtumbwi ukijaa. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Keti chini, usisimame, na watoto wasiuchukue peke yao.

Mtumbwi huu ni wa bwawa tulivu. Usiupeleke penye viboko, kama Ziwa Naivasha au Ol Bolossat, wala mtoni wakati wa mafuriko. Kabla ya kuvua nje ya bwawa lako, muulize afisa wa uvuvi wa kaunti juu ya leseni.

Baada ya kazi, uweke kifudifudi kivulini juu ya magogo mawili. Ukiona mkwaruzo uliofika kwenye mbao, uzibe siku hiyo hiyo ukishakauka.