Setilaiti Haiuoni Mlango Wetu

Shangazi yangu analima mwani Paje. Masika ya mwaka huu alikuja kwetu Jang'ombe, akaniuliza: "Mwanangu, unasoma hesabu za setilaiti, mbona huniambii maji yatapata moto lini? Mwani unaoza."

Wenzangu, hebu tulijibu pamoja.

Setilaiti za infraredi hupima joto la bahari kwa vipande vya kilomita 1 hivi, lakini wingu likitanda hazioni kitu. Mikrowevu hupenya wingu. Setilaiti ya Japani iitwayo Shizuku, iliyorushwa mwaka 2012, hupokea mawimbi ya gigahezi 6.9 yanayotoka baharini. Mvua kubwa tu ndiyo huyasumbua.

Hesabu yake ya msingi ni P = e × T. T ni joto halisi kwa kelvini, e ni uwezo wa kitu kutoa mnururisho, na P ni joto linaloonekana kule juu. Kwa bahari, e ni karibu 0.5. Basi maji ya kelvini 300, yaani nyuzi 27, yanaonekana kama 150. Upepo na mvuke nao hubadili P, kwa hiyo hupimwa masafa kadhaa, kila moja na mlinganyo wake, ndipo T ipatikane.

Sasa tatizo letu. Doa moja la kipimo hicho lina kilomita 62 kwa 35. Mlango bahari kati yetu na bara, panapobana, haufiki kilomita 40. Nchi kavu lazima iingie, na e yake ni kama 0.9, yaani P ni 270. Tuseme imeingia asilimia 1 tu:

0.99 × 150 + 0.01 × 270 = 151.2

Gawa kwa 0.5, unapata 302.4. Kosa ni nyuzi 2.4! Na matumbawe huanza kuwa hatarini kupauka joto likizidi kilele chake cha kawaida kwa nyuzi 1 tu.

Ndiyo maana vipimo vya mikrowevu vya karibu na pwani hutupwa, hata vya upande wa Paje. Siku za mawingu, rangi unayoiona pale kwenye ramani ni makadirio yaliyojazwa kutokana na vipimo vya mbali au vya siku nyingine.

Nikamwambia shangazi ukweli huo, nikampa kipimajoto akifunge kwenye kigingi cha mwani. Kila bamvua akishuka shambani anasoma, ananipigia, naandika. Daftari hilo halijazi kwa kukisia.