Tangazo Lisomeke na Kila Mwananchi

Tangazo la basari likishawekwa kwenye tovuti, kazi ya kuwafahamisha wananchi bado haijaisha. Inaisha pale kila anayelihitaji anapoweza kulisoma na kujaza fomu kabla ya siku ya mwisho.

Mwananchi asiyeona hutumia programu inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti. Simu nyingi za Android zina TalkBack, iPhone ina VoiceOver, na kompyuta za Windows zinaweza kuwekewa NVDA bila malipo. Lakini barua ikipigwa muhuri, ikaskaniwa na kupandishwa kwenye tovuti, inakuwa picha tu. Mara nyingi programu hizo hushindwa kuisoma ipasavyo. Mzazi asiyeona anajua kuna tangazo, ila hajui tarehe ya mwisho.

Shirika la kimataifa la W3C limeweka mwongozo wa tovuti zinazofikiwa na wote, uitwao WCAG. Toleo la 2.2 lilitolewa Oktoba 2023. Kwa maafisa wa idara na wadi wanaotuma matangazo, haya ndiyo ya kuanza nayo:

1. Andika tangazo lote kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa. Barua yenye muhuri iambatishwe kama nakala.

2. Kila picha yenye ujumbe iwe na maelezo mafupi. “Picha 1” si maelezo.

3. Kila nafasi ya fomu iwe na jina linaloonekana wakati wote, hata mtu anapoandika.

4. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya cheupe huwatesa wengi, hasa wazee.

5. Weka kipanya kando, kisha ujaze fomu yote kwa kibodi pekee. Ukikwama, yuko mwananchi atakayekwama hapo pia.

Wabunifu wengi hupenda picha zinazojigeuza na vitufe vya kujitungia. Maoni yetu ni kwamba ukurasa wa huduma za umma uwe mwepesi. Kitufe cha kawaida cha HTML tayari hufanya kazi kwa kibodi na hutambuliwa na programu za kusoma skrini. Ukurasa mwepesi pia huokoa bando la mwananchi.

Vifaa vya ukaguzi kama Lighthouse, kilichomo ndani ya Chrome, vitakuonyesha picha isiyo na maelezo. Haviwezi kujua kama maelezo yaliyopo yana maana. Kwa hivyo watu wenye ulemavu washirikishwe kuujaribu ukurasa kabla haujafunguliwa kwa umma.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 54 kinawahakikishia watu wenye ulemavu njia za mawasiliano zinazowafaa. Kabla ya kutuma tangazo lijalo, washa TalkBack kwenye simu yako, ufumbe macho na usikilize. Usiposikia tarehe ya mwisho, lirekebishe kwanza.