Gombesa, samaki wa kilindini

Wavuvi wa mto Luama hawamjui gombesa. Yeye si samaki wa mto wala wa ziwa. Anaishi mbali upande wa mashariki, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na nchi ya Tanzania, katika maji ya chumvi ya Bahari ya Hindi. Wataalamu humwita silikanti.

Gombesa ni samaki mkubwa. Urefu wake waweza kukaribia mita 2, na uzito wake kilo 90. Rangi yake ni buluu yenye madoa meupe. Baadhi ya mapezi yake yameota juu ya vikonyo vya nyama, mfano wa miguu. Lakini hatembei nayo, huogelea tu.

Mchana hukaa ndani ya mapango ya mawe, mahali penye giza na baridi. Kina chake ni kama mita 200: yaani michikichi kumi mirefu, mmoja juu ya mwingine. Gombesa wengi hukaa katika pango moja bila kupigana.

Usiku hutoka kutafuta chakula. Hula samaki, na ngisi, mnyama laini wa bahari mwenye mikono mingi. Hakimbii ovyo. Huelea polepole na mkondo wa maji, kisha hushika windo kwa ghafula.

Zamani wataalamu waliona umbo la samaki wa jamii hii katika mawe tu. Wakadhani wote walikwisha kufa zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Lakini mwaka 1938 mmoja alinaswa Afrika ya Kusini, na mwaka 1952 mwingine katika Visiwa vya Komoro. Wavuvi wa Komoro hawakushangaa. Walimjua tangu zamani, na jina la gombesa ni lao.

Sasa yumo hatarini. Mama hubeba mimba muda wa miaka 5 hivi, kwa hiyo hawaongezeki upesi. Wavuvi wakitega jarife, wavu wa papa, kilindini, gombesa naye hunaswa, na akitolewa hufa. Nyama yake ina mafuta mengi, haifai kuliwa. Hivyo hufa bure. Mwaka 2009 Tanzania ilitenga sehemu ya bahari huko Tanga ili kumlinda.

Maswali
1. Gombesa hukaa wapi mchana? Usiku hufanya nini?
2. Nani walimjua gombesa kabla ya wataalamu?
3. Samaki aliyedumu miaka mingi hivyo, kwa nini aweza kwisha upesi?