Chombo Kimeuzwa, Jina Limebaki: Somo la Kuhamisha Umiliki na Kurudisha Vibao vya Namba



Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, msafiri aliyetoka Ifakara kwenda Ulanga au Malinyi aliuvuka Mto Kilombero kwa kivuko. Alilipa nauli, akavushwa, akashuka ng'ambo, na hesabu yake na kivuko ikaishia pale ukingoni. Leo daraja lenye urefu wa mita 384 linatuvusha bila kusimama, lakini wengi wetu bado tunavifikiria vyombo vyetu vya moto kwa fikra ile ile ya kivukoni: nimelipwa, nimekabidhi, yamekwisha.

Hesabu ya chombo cha moto haiendi hivyo. Ikishafunguliwa kwa jina la mtu katika rejesta ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), hubaki wazi mpaka mwenyewe aifunge kwa maandishi. Kuuza chombo hakuifungi, wala kukiegesha nyuma ya nyumba kwa miaka mitano, wala kukipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Somo hili linaeleza hesabu hiyo ni nini, kwa nini ina uzito, na namna ya kuifunga.

1. Hesabu ya chombo ni nini?

Kila gari, pikipiki, bajaji au trekta lililosajiliwa lina mambo matatu yaliyofungamana: namba ya usajili iliyo kwenye kibao, kadi ya usajili, na jina la mmiliki pamoja na namba yake ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN. Kwa utaratibu wa nchi yetu, namba ya usajili hufuata chombo, haimfuati mtu. Pikipiki yenye kibao kinachoanza na herufi MC itabaki na kibao hicho hata ikiuzwa mara kumi. Kinachopaswa kubadilika kila inapouzwa ni jina. Jina lisipobadilishwa, rejesta itaendelea kumtaja mmiliki wa zamani kana kwamba bado yeye ndiye mwenye mali.

Wasomaji wenye umri watakumbuka kuwa hapo zamani kila mmiliki wa gari alilipa ada ya leseni ya mwaka, na wapo waliojikuta wakidaiwa kwa magari yaliyokwisha kuoza, kwa sababu usajili wake haukuwa umefutwa. Ada hiyo iliondolewa katika bajeti ya mwaka 2017/18, na badala yake ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Hivyo, siku hizi pikipiki iliyolala haikusanyi deni la ada ya mwaka. Hata hivyo, ile inayotembea mikononi mwa mtu mwingine yaweza kukusanya mambo mazito zaidi ya ada.

2. Kwa nini jambo hili lina uzito?

Tuchukue mfano. Mkulima wa Mang'ula ana pikipiki aliyomkabidhi kijana kwa mkataba wa bodaboda. Kijana analeta hesabu kila siku kama walivyokubaliana, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake. Wanapeana mikono, mkulima anatoa kadi, kila mtu anaondoka ameridhika. Kijana anaiuza kwa mtu wa Malinyi, na huyo anamuuzia mwingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika TRA. Katika rejesta, pikipiki ile ingali ya mkulima wa Mang'ula.

Hapo yanaweza kutokea mambo manne.

Kwanza, faini za usalama barabarani huandikwa kwa namba ya chombo. Katika bajeti ya mwaka 2021/22, faini ya kosa moja kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Kiasi hicho ni kidogo kwa kosa moja, lakini makosa huongezeka, na deni huonekana dhidi ya namba ile ile.

Pili, chombo kikisababisha ajali na dereva akakimbia, uchunguzi huanzia kwenye namba, na namba huelekeza kwa jina. Mwenye jina ndiye atakayeitwa kwanza kueleza.

Tatu, chombo kikitumika katika uhalifu, mambo huwa vivyo hivyo. Mtu mwema anaweza kupoteza siku nyingi kituoni akijaribu kuthibitisha kwamba aliuza, ilhali hana hata karatasi moja mkononi.

Nne, bima. Sheria inakilazimu kila chombo kinachotumika barabarani kiwe na bima ya kulinda watu wengine, na bima ni mkataba baina ya kampuni na mtu aliyetajwa ndani yake. Mnunuzi anayeendesha kwa bima ya jina la mwenzake anajiweka katika mashaka siku atakapohitaji fidia.

Mnunuzi naye hana usalama. Asiye na jina kwenye kadi hawezi kwa urahisi kukopa kwa dhamana ya chombo chake, na mmiliki wa zamani akifariki, warithi wanaweza kukidai kwa nia njema kabisa, kwa kuwa nyaraka zinasema ni cha marehemu.

3. Hatua za kufuata unapouza

(a) Angalieni madeni kabla ya kupeana fedha. Muuzaji na mnunuzi watazame kwa pamoja, kwa kutumia namba ya usajili, kama kuna faini za polisi au ada za maegesho ambazo hazijalipwa. Zilipwe zote, na stakabadhi zitunzwe.

(b) Hakikisheni kadi halisi ipo. Kama imeshikwa na aliyetoa mkopo, chombo hicho hakiuziki mpaka mkopo umalizike. Kama imepotea, anzeni na taarifa ya upotevu kutoka polisi, kisha muombe kadi nyingine TRA.

(c) Andikeni mkataba wa mauziano. Utaje namba ya usajili, namba ya chasisi na namba ya injini, bei, tarehe na hata saa ya makabidhiano, majina kamili ya pande zote mbili na mashahidi. Mkataba uliothibitishwa na wakili una nguvu zaidi. Saa ya makabidhiano isidharauliwe, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha kosa lililotendwa jioni ni la nani, ikiwa chombo kiliuzwa asubuhi.

(d) Fikeni ofisi ya TRA inayohudumia wilaya. Chukueni kadi halisi, mkataba, vitambulisho na TIN za wote wawili, na mjaze fomu ya maombi ya uhamisho wa umiliki. Asiye na TIN aiombe kwanza.

(e) Lipeni kwa namba ya malipo, ile tunayoizoea kwa jina la kontroli namba. Ushuru wa stempu na ada za uhamisho vitaonyeshwa hapo. Asitokee kishoka akakuambia umpe fedha mkononi akakumalizie. Malipo ya Serikali hupita benki au kwenye simu, na huacha stakabadhi.

(f) Usiseme umemaliza mpaka kadi mpya yenye jina la mnunuzi itoke. Muuzaji abaki na nakala ya kadi hiyo, nakala ya mkataba na nakala ya stakabadhi. Hiyo ndiyo hati ya kufungwa kwa hesabu yake.

Ikiwa chombo kilikuwa na leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, au kilipewa nafasi katika kijiwe, toeni taarifa huko pia. Mnunuzi akate bima yake mwenyewe tangu siku ya kwanza.

4. Chombo kilichokufa: kurudisha vibao

Gari lililoungua, pikipiki iliyosagwa na lori, chombo kinachouzwa kama chuma chakavu au kinachohamishiwa nchi nyingine kwa kudumu, vyote havihitaji jina jipya. Vinahitaji usajili wake ufutwe. Mmiliki huandika maombi TRA akieleza sababu, akarudisha kadi ya usajili na vibao vyote vya namba. Kwa ajali, aambatanishe taarifa ya polisi.

Watu wengi huona tabu kung'oa kibao na kukisafirisha hadi ofisini. Lakini kibao kinachoachwa kwenye lundo la vyuma ni sawa na muhuri wako ulioachwa barabarani. Mwenye nia mbaya akikifunga kwenye pikipiki ya wizi, namba itasomeka vizuri, na rejesta itataja jina lako. Basi usiuze chuma pamoja na kibao. Ng'oa kwanza, rudisha, pata uthibitisho wa maandishi, ndipo uuze mabaki.

5. Kama uliuza zamani na mnunuzi hapatikani

Usinyamaze. Tafuta mkataba wa zamani au, kama haupo, mashahidi wa mauziano. Andika barua kwa TRA ukieleza chombo kiliuzwa lini na kwa nani, toa taarifa polisi, na ubaki na nakala zilizogongwa mhuri wa kupokelewa. Barua hiyo haibadilishi jina peke yake, lakini inaweka kumbukumbu ya tarehe uliyotoa taarifa. Afisa Mtendaji wa Kata anaweza kukupa barua ya utambulisho. Uhamisho wenyewe si kazi ya halmashauri.

Kwa chombo cha marehemu, warithi wasikiuze kabla ya mahakama kumteua msimamizi wa mirathi. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kutia saini mahali pa marehemu.

6. Wenzetu nao wana somo hili hili

Huko Dubai, tangu mwaka 2007, barabara kuu kadhaa hutoza magari kwa mfumo uitwao Salik: kitambulisho hubandikwa kwenye kioo cha mbele, na kila gari linapopita chini ya lango, fedha hukatwa kwenye akaunti ya mwenye gari. Nairobi Expressway, barabara ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022, nayo inawaruhusu madereva kulipa kwa kifaa cha namna hiyo. Huko Marekani, mfumo wa E-ZPass hutumia kijisanduku kidogo kinachowekwa kwenye kioo. Kote huko, anayeuza gari na kusahau kifaa ndani yake huendelea kulipia safari za mtu mwingine. Anayetaka kujitoa huondoa gari kwenye akaunti, hurudisha kifaa pale inapotakiwa, hudai salio lake, na huomba uthibitisho kwamba akaunti imefungwa.

Nasi tunasikia mipango ya barabara ya haraka yenye tozo kati ya Kibaha na Chalinze, njia tunayopita sote tukienda Dar es Salaam. Siku vifaa hivyo vikifika kwetu, anayejua leo kufunga hesabu ya pikipiki yake hatakuwa na jambo geni la kujifunza. Maswali ni yale yale: kilichotolewa kwa jina langu kimerudi? Ninachodai au kudaiwa kimelipwa? Karatasi ya kuthibitisha ninayo?

Maswali ya kujipima

1. Pikipiki au gari ulilouza miaka mitatu iliyopita, kadi yake leo ina jina la nani?
2. Chombo unachoendesha sasa ulichonunua kwa mtu, bima yake imekatwa kwa jina la nani?
3. Nyuma ya nyumba yako kuna chombo kibovu chenye kibao cha namba? Usajili wake umefutwa?
4. Una pikipiki iliyo kwa mkataba? Je, mkataba unasema nani atagharimia uhamisho utakapomalizika?

Aliyeshindwa kujibu hata swali moja afungue sanduku la nyaraka wiki hii, aanze na kadi. Safari moja ya kwenda TRA ni nyepesi kuliko wito mmoja wa polisi.