Orodha ya kazi: kila mtu na mwendo wake



Januari 2025 vita ilifika Masisi-centre; Machi ikafika Walikale-centre. Wengi wetu tulikimbia. Leo katika darasa moja tuko na aliyeachia hesabu kwenye sehemu, na mwingine amekwisha ingia katika aljebra. Mwalimu akiwapa wote somo moja, wa kwanza hasikii kitu, wa pili anasinzia. Yule wa kwanza anaona haya, mwishoni anaacha masomo.

Katika Ufaransa, miaka ya 1930, mwalimu Célestin Freinet aliwapa watoto mpango wa kazi wa juma, pamoja na kadi za mazoezi na kadi za majibu, kila mtoto ajisahihishe mwenyewe. Karatasi tu, bila mashini ya umeme. Sisi pia tunaweza kufanya vile:

1. Mwalimu atoe jaribio fupi lisilo na pointi, ajue kila mtu aliachia wapi.
2. Aandike katika daftari la kila mmoja kazi tano, nyepesi kwanza.
3. Maliza moja, tazama majibu, sahihisha. Kosa likibaki, usipite mbele: uliza mwenzako ao mwalimu.
4. Kisha mwalimu atie saini.

Kunakili majibu ni rahisi, lakini siku ya mtihani wa Serikali hakuna kadi ya majibu. Na mwenye kutangulia asimcheke aliye nyuma, amfasirie.

Ulizo: wewe uliachia somo gani, ukurasa gani? Andika leo, umpe mwalimu.