Idhini ya Mwenye Mwili: Darasa Kutokana na Uchunguzi wa Madaktari Kisumu

Wengi wetu huku pwani huijua Kisumu kwa samaki wake na kwa siasa zake. Ni wachache wenye habari ya kuwa ufuo ule wa Ziwa Viktoria hutajwa sana katika majarida ya wataalamu wa tiba ulimwenguni, na hasa katika yale yasiyochunguza dawa yenyewe, bali haki na wajibu uliopo baina ya tabibu na anayetibiwa. Ilmu hii twaweza kuiita maadili ya utabibu. Ina majarida yake makhsusi, na mojawapo, Developing World Bioethics, lilianza mwaka 2001 kwa ajili ya mambo ya nchi kama zetu. Katika maswali yao makubwa ni hili: mtu akitiwa katika majaribio ya dawa, ni nani aliyetoa idhini, na aliitoa hali ya kuwa ajua nini?

Swali hili halikuzuka bure. Baada ya Vita Vikuu vya Pili madaktari wa Kijerumani walihukumiwa Nuremberg, mwaka 1947, kwa mambo waliyowafanyia wafungwa kwa jina la ilmu. Mwaka 1964 chama cha madaktari wa dunia kikakutana Helsinki kikaandika azimio ambalo hadi leo, baada ya kurekebishwa mara nyingi, ndilo linalotegemewa: asifanyiwe mtu majaribio ila baada ya kuelezwa na kuridhia. Na baada ya azimio hilo kuandikwa, huko Tuskegee, Marekani, watu weusi wenye kaswende waliendelea kutazamwa bila ya kupewa dawa iliyokuwapo, hadi mwaka 1972. Basi maandishi peke yake hayamlindi mtu.

Sasa tuje Kisumu. Wajaluo, kama ijulikanavyo, hawakuwa na ada ya tohara. Alama yao ya kuingia utu uzima ilikuwa kung'oa meno ya chini. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, pamoja na wenzao wa Kenya, wakiongozwa na Robert Bailey, walianza kuchunguza kama tohara yapunguza maambukizo ya Ukimwi kwa mwanamume. Wakakubaliwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote hawakutahiriwa na wote hawakuwa na virusi. Kwa kura, 1,391 walitahiriwa papo hapo na 1,393 wakaambiwa wangoje miaka miwili. Kila mmoja alikuwa mtu mzima, akaelezwa, akatoa idhini yake kwa maandishi.

Hapa pana jambo zito. Wale waliongojeshwa wengine wao wangeambukizwa, na ndivyo ilivyokuwa: 47 katika wao, na 22 katika waliotahiriwa. Je, ilikuwa halali kuwatazama tu? Jawabu ya wataalamu ni kuwa mwanzoni hapana aliyejua yakini. Waliokuwa wakidhani walikuwa wengi, lakini dhana si ilmu. Tena hawakuachwa tu, bali walipewa nasaha na kinga kama wenzao. Na iliwekwa kamati iliyo mbali na wachunguzi, yenye mamlaka ya kuyatazama matokeo na kuusimamisha uchunguzi. Tarehe 12 Desemba 2006 uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa faida ilikwisha dhihiri, na waliokuwa wakingoja wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Mimi naona jawabu hii ni ya haki, maadamu yule aliyengoja alijua ya kuwa angoja, na kwa nini angoja.

Ya pili si nyepesi kama hiyo. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa tangu mwaka 2009 hadi 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Kwa Kenya ilikuwa Kombewa na Siaya, karibu na Kisumu, na Kilifi huku kwetu. Ilipunguza malaria kwa kadiri ya theluthi moja, lakini yalionekana pia mambo matatu ya kutia shaka: homa ya uti wa mgongo ilizidi kwa waliochanjwa, malaria ya kupanda kichwani kadhalika, na vifo vya watoto wa kike vilikuwa vingi kuliko vya wasiochanjwa. Yamkini yalikuwa ya bahati tu. Ili kupata hakika, Shirika la Afya Duniani likapanga chanjo itolewe Malawi, Ghana na Kenya katika wilaya zilizochaguliwa kwa kura, na nyingine zingoje. Kwa Kenya ilizinduliwa Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019.

Safari hii mzazi hakutia sahihi. Kumleta mtoto kliniki kulihesabiwa kuwa ndiyo idhini. Mwaka 2020 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapa makala ya Peter Doshi, ambamo Charles Weijer, mtaalamu wa maadili kutoka Kanada, alisema kuwa huo ni uvunjaji mkubwa wa kanuni za mataifa. Shirika likajibu kuwa chanjo imeidhinishwa na serikali, inatolewa kama chanjo nyingine, wazazi huelezwa, na asiyetaka hukataa.

Tuitazame hoja hii kwa mizani ya wanavyuoni wetu, kwani mas-ala yenyewe si mageni kwao. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 wa Hijra, ametaja katika al-Mughni kuwa mwenye kumtahiri mtoto pasina idhini ya walii wake, kisha madhara yakatokea, hudhaminishwa, ijapokuwa ni fundi. Na Imamu Shafi'i katika al-Umm amemwondolea dhamana yule aliyeamrishwa na baba kumtahiri mwanawe, akafanya kama wafanyavyo wenye ujuzi kwa maslaha ya mtoto. Wako waliosema, kama Ibn al-Qayyim alivyolieleza, kuwa mtenda wema yamkini asidhaminishwe kabisa. Lakini mlango wa idhini wote waujua.

Na idhini ya kimya ina mahali pake. Mama apelekaye mtoto kuchanjwa surua hahitaji kutamka neno. Ada yasimama mahali pa tamko, kwa kuwa jambo lajulikana, na kwa hilo Shirika lina nusu ya haki. Ila ada haiwezi kusimama kwa lisilojulikana. Mama wa Homa Bay hakuwa na ada ya kujua kuwa wilaya yake imepigiwa kura, wala kuwa vifo vya watoto wa kike vinahesabiwa. Kunyamaza kwake juu ya jambo asiloambiwa hakuwezi kuitwa kuridhia.

Atasema msemaji: mbona mwisho ulikuwa mwema? Ni kweli. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika lilipendekeza chanjo hiyo, baada ya zile shaka tatu kutothibiti, na hesabu za baadaye zilionyesha kuwa vifo vya watoto vimepungua kwa asilimia 13. Watoto wengi wamepona, alhamdulillahi, na anayewazuia watu na chanjo kwa kutumia maneno haya ameyageuza. Lakini matokeo mema yaliyojulikana mwaka 2021 hayawezi kuwa idhini ya mwaka 2019.

Chanjo ya pili, R21, ilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo, nayo ikapendekezwa Oktoba 2023. Majaribio mengine yatakuja. Mzazi atakayeitwa na aulize: hii ni dawa iliyokwisha thibiti au inachunguzwa? Mtoto wangu atawekwa kundi gani, na kwa kura? Ni madhara gani yanayoogopwa? Nikikataa, atatibiwa kama kawaida? Akidhurika, nani atamgharimia? Asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa mbele ya shahidi, kwa lugha aifahamuyo, na kurudi nyumbani kushauriana kabla ya kuweka kidole.